Waliokimbia Vita vya Kagera waandikwe kijiji kwa kijiji, mnara usitangulie orodha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalowahusu wazee wa Missenyi, wilaya yetu ya mpakani na Uganda, na ndugu zao waliotawanyika mikoa mingine, kwa kuwa muda wake unakwisha.

Wanajeshi wetu waliokufa katika Vita vya Kagera wana mahali pao. Wamelala Kaboya, wilayani Muleba, safu kwa safu, na kila Julai 25 Taifa huwakumbuka mashujaa wake. Hiyo ni haki yao na isipunguzwe hata chembe. Lakini vita vile havikuanza kwa wanajeshi. Vilianza kwa watu waliokuwa mashambani na majikoni mwao Kakunyu, Mutukula, Kassambya na Minziro, Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia katika eneo la kilomita za mraba 1,800 hivi kati ya mpaka na mto Kagera. Idadi inayotajwa mara nyingi ni watu 40,000 waliokimbilia kusini mwa mto, na raia 1,500 waliouawa. Namba hizo hutajwa kwa jumla. Hazisemi kijiji gani kilipoteza wangapi, nani alipita njia ipi, alilala wapi, alikula nini, alirudi lini na alikuta nini. Aliyekuwa na miaka 20 siku zile alizaliwa 1958, na leo amekaribia 70. Aliyekuwa na mume na watoto watatu ameshapita 75. Tukingoja miaka kumi mingine tutabaki na masimulizi ya waliokuwa wamebebwa mgongoni.

Ninachoomba si mnara. Mnara ukitangulia, utaandikwa namba ya jumla kwenye jiwe, utazinduliwa, na baada ya hapo hakuna atakayeona haja ya kwenda kuuliza. Naomba kwanza ipatikane orodha na masimulizi, kijiji kwa kijiji, na ndani ya kijiji kwa kila balozi wa nyumba kumi. Halmashauri, parokia, misikiti, shule za sekondari na hata familia moja moja zinaweza kuifanya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Ila ina kanuni zake, na ikifanywa ovyo itazaa makaratasi yasiyoaminika. Nitaeleza mambo yanayoharibika mara nyingi.

La kwanza ni tarehe. Ukimwuliza mzee ulikimbia tarehe ngapi, atakujibu Oktoba 30, kwa sababu ndiyo aliyoisikia redioni miaka yote. Uvamizi mkubwa kweli ulikuwa Jumatatu ya Oktoba 30, lakini mashambulizi ya kwanza upande wa Kakunyu yalitokea wiki tatu kabla, na kuna watu waliohama katikati ya Oktoba, wengine walioondoka usiku wa uvamizi wenyewe, na wengine waliojificha siku nyingi kabla ya kuvuka mto. Usimpe tarehe, mpe kalenda yake mwenyewe. Kwa Wakatoliki, 1978 ulikuwa mwaka wa mapapa watatu: Paulo VI alifariki Agosti 6, Yohane Paulo I alifariki Septemba 28, na Yohane Paulo II alichaguliwa Oktoba 16, Kardinali Rugambwa, mwana wa Kagera, akiwa miongoni mwa waliopiga kura. Muulize: mlipokimbia, Papa mpya alikuwa ameshapatikana? Amin alitangaza kulitwaa eneo letu Novemba 1, Sikukuu ya Watakatifu Wote, na Mwalimu Nyerere akalihutubia Taifa Novemba 2, siku ya kuwaombea marehemu. Kuna watu wanaokumbuka vizuri sana kwamba misa ya marehemu mwaka ule haikusomwa kanisani kwao. Kwa Waislamu, Idd el-Hajj iliangukia takriban Novemba 10 au 11. Muulize aliiswali wapi Idd hiyo, msikitini kwake au ugenini.

Mwezi nao ni shahidi asiyesahau. Septemba 16 mwaka ule mwezi ulipatwa wote, usiku kwenye saa nne, na waliouona wanaukumbuka. Mwezi wa Mfunguo Tatu uliandama mwanzoni mwa Novemba, maana yake usiku wa Oktoba 30 na 31 ulikuwa giza totoro. Mbalamwezi ilikuwa kubwa katikati ya Oktoba na tena katikati ya Novemba. Mtu akikwambia walitembea usiku kucha kwa mwanga wa mwezi, usimbishie na usimsahihishe. Andika alivyosema, kisha pembeni weka alama kwamba huyu huenda aliondoka mapema zaidi, au alivuka baada ya kujificha wiki mbili. Mara nyingi swali la pili litaonyesha hivyo. Msimu nao unasaidia. Senene walikuwa wameanza kuanguka? Maharage ya vuli yalikuwa na majani mawili au yalishachanua? Mkulima haachi shamba lake bila kukumbuka lilikuwa katika hali gani.

Kipimo kikubwa kuliko vyote ni daraja la Kyaka, juu ya mto Kagera. Siku za mwanzo za Novemba wavamizi walilivunja kwa baruti, baada ya mabomu ya ndege kushindwa kuliangusha. Aliyevuka kwa daraja alivuka kabla ya hapo. Aliyevuka kwa mtumbwi, kwa gogo, au kwa kushikilia mkia wa ng'ombe anayeogelea, alivuka baadaye au alivukia mbali na Kyaka. Kwa hiyo swali la “ulivukaje?” liulizwe kwa kila mtu, na jibu lake liwe na sehemu nne: mahali, chombo, nani alivusha, na alilipwa nini. Hapo kwenye malipo husikika mambo ambayo hayamo katika hotuba yoyote: mbuzi, khanga, saa ya mkononi, au hakulipwa chochote kwa sababu mwenye mtumbwi alikuwa mtu wa ukoo.

Umbali pia upimwe. Kutoka Mutukula hadi Kyaka ni kilomita 30 hivi kwa barabara. Mtu mzima peke yake anazimaliza kwa siku moja. Mama mwenye watoto wawili, mmoja mgongoni na mwingine akitembea, haendi zaidi ya kilomita mbili au tatu kwa saa, na anapumzika. Mwenye ng'ombe anakwenda taratibu zaidi, na barabarani anaonekana na ndege, hivyo anapita porini. Ukichora njia ya kila kaya ardhini kwa kijiti, mto ukiwa mstari mmoja na barabara mstari wa pili, utaona mwenyewe wapi usiku mmoja umerukwa katika simulizi. Uliza kuhusu usiku huo, kwa upole. Mara nyingi usiku unaorukwa ndio waliompoteza mtu.

Sasa maswali. Swali baya kuliko yote ni “ulijisikiaje?” Linajibiwa kwa neno moja, tuliogopa, na mazungumzo yanaishia hapo. Swali zuri ni “ulibeba nini?” Muulize mkono wa kulia ulikuwa na nini, wa kushoto nini, kichwani nini, mgongoni nani. Aliyeondoka na sufuria ya maharage yaliyoiva nusu, ameifunika kwa jani la mgomba na kuifunga kwa kamba ya mgomba, alikimbia ghafla, risasi zikisikika. Aliyeondoka na godoro, mlango na mabati alijua siku mbili kabla, na hapo utauliza nani alimwambia. Aliyeondoka na kadi ya chama, kadi ya kliniki ya mtoto na stakabadhi za kahawa alitegemea kurudi na kuhesabiwa. Kuna waliofukia cherehani, vyombo vya shaba na baiskeli kibanjani, yaani katika shamba la migomba linalozunguka nyumba, kabla ya kuondoka. Uliza walifukia chini ya mgomba upi, kina gani, waliviviringisha kwa kitu gani, na kama waliporudi walivikuta. Kitu kidogo hivyo hufungua mlango ambao swali la moyo haliwezi kuufungua.

Kuhusu waliopotea, kuna namna moja tu ya kuuliza ambayo haiumizi na inatoa jibu sahihi. Usiulize “kwa nini mlimwacha bibi?” Uliza kwanza: asubuhi ile nani walikuwa nyumbani? Andika majina yote pamoja na umri. Kisha uliza: usiku wa siku iliyofuata nani mlilala pamoja? Andika tena. Usilinganishe orodha hizo mbele yake. Jina lililomo katika orodha ya kwanza na halimo katika ya pili, yeye mwenyewe atalieleza akiwa tayari, pengine siku ya pili. Wapo wazee walioachwa kwa sababu hawakuweza kutembea, wapo waliokataa kuacha makaburi na ng'ombe wao, na wapo waliochukuliwa kupelekwa Uganda. Hayo ni makundi matatu tofauti na yasiandikwe yote kwa neno “walipotea”.

Mambo ya aibu waliyotendewa wanawake yasiulizwe mbele ya mtu mwingine, na yasiulizwe na mwanamume. Timu isiyo na mwanamke mtu mzima isianze kazi. Msimuliaji akinyamaza, zima kinasa sauti kabla ya kumpa maji, umwonyeshe kwamba umekizima. Kuendelea kurekodi kilio cha mtu ili “rekodi iwe na uzito” ni dhuluma, na habari zikienea kijijini hakuna atakayefungua mlango wa pili.

Jambo linaloharibu kazi hii kuliko yote ni fidia. Mgeni akifika na daftari, akiongozana na mtendaji wa kijiji, akaanza kuuliza mabati mangapi yaliibwa na ng'ombe wangapi walichukuliwa, kila mtu ataelewa kwamba Serikali imekuja kulipa. Kufikia jioni kundi la ng'ombe sita limekuwa la thelathini. Msiwalaumu wazee. Mtu aliyepoteza kila kitu bila kuulizwa kwa miongo minne ana haki ya kutumaini. Kosa ni la aliyekwenda bila kujieleza. Ielezwe mara tatu: kwenye mkutano wa kijiji, mlangoni, na tena kinasa sauti kikiwa kimewashwa, kwamba hii ni kumbukumbu, hakuna malipo, na hakuna jina litakalopelekwa popote kwa ajili ya malipo. Mali iulizwe mwisho kabisa, siku ya pili, na isiulizwe kwa namba. Mfugaji wa kweli hasemi “ng'ombe kumi na wawili”, humtaja kila mmoja kwa jina na rangi yake. Mwachie awataje, wewe hesabu mwenyewe baadaye.

Msilipe fedha kwa simulizi. Sukari, sabuni au majani ya chai kama mgeni yeyote anavyobeba ni sawa. Malipo yaliyo bora ni nakala ya sauti yake mwenyewe, katika kadi ya kumbukumbu ya simu au flashi, irudishwe ndani ya mwezi mmoja. Watafiti wengi hawarudi, na ndiyo sababu baadhi ya vijiji vimechoka kuulizwa.

Kizio cha kazi kiwe balozi wa nyumba kumi. Mwaka 1978 mfumo huo ulikuwa hai na kila mzee anamkumbuka balozi wake. Chukueni karatasi kubwa, chora njia ya kijiji, weka nyumba moja moja kwa mpangilio, na jina la mwenye nyumba wa wakati ule. Kikao hiki cha kuchora kifanywe na watu watano au sita pamoja, maana kila mmoja humkumbusha mwenzake. Lakini simulizi zenyewe zichukuliwe kwa mtu mmoja mmoja. Ukiwaweka pamoja, mwenye sauti kubwa atasimulia na wengine wataitikia, na utatoka na simulizi moja yenye sahihi sita. Kijiji cha kaya 300 kina mabalozi 30 hivi. Timu ya watu wanne ikimaliza mabalozi wawili kwa wiki, kijiji kinakwisha kwa wiki 15. Si kazi ya miaka.

Orodha hiyo ina kitu cha kuipima. Sensa ya Taifa ilifanyika Agosti 1978, miezi miwili tu kabla ya uvamizi. Ni mara chache sana watu wa eneo la vita huwa wamehesabiwa karibu hivyo na siku ya kukimbia kwao. Idadi ya sensa ikiwekwa kando ya orodha ya mabalozi, itaonekana haraka wapi kuna nyumba zilizosahauliwa, hasa za wageni, wachunga ng'ombe wa kukodiwa, na familia ambazo hazikurudi kabisa.

Lugha iwe ile ambayo mtu alikimbilia nayo. Kama ni Kihaya, Kinyambo au Kiganda, arekodiwe kwa lugha hiyo, Kiswahili kifuate katika maandishi. Mzee akilazimishwa Kiswahili hukimbilia maneno ya hotuba: nduli, uwezo tunao, sababu tunazo, nia tunayo. Maneno hayo yana heshima yake, lakini ni ya Mwalimu. Msimuliaji ana maneno yake.

Kwenye kurekodi, simu ya kawaida inatosha ikitumiwa vizuri. Iwekwe kwenye hali ya ndegeni ili isiite katikati, ikae sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, juu ya kitambaa na si juu ya meza tupu. Jaribu dakika moja, sikiliza, ndipo uanze. Epuka nyumba ya mabati mvua ikikaribia, maana dakika kumi za mvua ya vuli juu ya bati hufuta kila neno. Saa tatu hadi saa tano asubuhi ndiyo saa nzuri: mzee ameshakunywa chai, hajachoka, na redio ya jirani haijapandishwa. Kikao kisizidi dakika 90. Mwanzoni kabisa taja tarehe, kijiji, jina la anayeuliza na namba ya kikao, kwa sauti, ili faili likipotea jina bado lijulikane ni la nani.

Saa moja ya sauti isiyobanwa, chaneli moja, huchukua kama megabaiti 318. Ikibanwa kwa kiwango cha kawaida cha MP3 huwa kama 58. Tunza isiyobanwa na ugawe iliyobanwa. Nakala ziwe tatu, katika vyombo viwili vya aina tofauti, na moja ilale mbali na kijiji. Flashi moja katika kabati la mwenyekiti si hifadhi. Kuandika saa moja ya sauti ya Kiswahili huchukua saa nne hadi sita za mwandishi mzoefu, na Kihaya pamoja na tafsiri huchukua zaidi. Timu nyingi hushindwa hapa: hurekodi watu 80 kwa shauku, kisha hakuna anayeandika. Bora watu 20 walioandikwa kikamilifu kuliko 80 waliolala kwenye kadi. Karatasi zisikae sakafuni wala kuegemea ukuta wa udongo, kwa sababu ya mchwa na unyevu.

Idhini iandikwe, na iwe na hiari tatu: jina litajwe, jina lifichwe, au simulizi lifungwe mpaka msimuliaji afariki. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na maisha ya mtu ni taarifa binafsi. Asiyejua kusoma asomewe na atie dole gumba mbele ya mtu wa familia yake. Na timu ikionyeshwa chuma chochote cha vita kilichohifadhiwa nyumbani au kilichofukuliwa shambani, isikiguse wala isikipige picha kwa karibu. Watu waondolewe, polisi waitwe.

Karatasi za wakati ule zipo zaidi kuliko tunavyodhani, ila zinatafutwa kwa jina lisilo sahihi. Mwaka 1978 hapakuwa na Mkoa wa Kagera. Mkoa uliitwa Ziwa Magharibi, ukabadilishwa jina baada ya vita, na Missenyi ilikuwa sehemu ya Bukoba. Mwanafunzi anayeomba jalada la “Kagera 1978” ataambiwa halipo, na kwa jina hilo ni kweli halipo. Muda wa miaka 30 wa kufungwa kwa nyaraka za umma umeshapita. Nje ya Serikali, tazameni vitabu vya ubatizo vya parokia za kusini mwa mto kati ya Novemba 1978 na katikati ya 1979: mtoto anayebatizwa huko huku wazazi wake ni wa kaskazini mwa mto ameacha alama ya wapi familia ilihifadhiwa. Daftari za mahudhurio za shule za msingi nazo zina majina yaliyoongezwa chini kwa wino mwingine katikati ya muhula. Hao ndio watoto waliopokewa. Kwa kuwa mpango wa elimu kwa wote ulikuwa umeanza mwaka mmoja tu kabla, wengi waliandikwa. Leo wako hamsini na kitu, kumbukumbu zao ni nzima, na hakuna sababu ya kuwapuuza kwa kuwa walikuwa wadogo.

Waliowapokea nao waulizwe. Hili husahaulika karibu kila mahali. Familia iliyokuwa na watu saba ikapokea kumi na moja, kwa miezi kadhaa, wakati nchi nzima ilikuwa imefunga mkanda na sukari na sabuni havionekani. Uliza ndizi zilitoka wapi, nani alilala wapi, ugomvi ulianza lini na ulisuluhishwa na nani. Ugomvi ulikuwepo na si aibu. Na aliyerudi kwake aulizwe mbegu za maharage za msimu wa kwanza alizipata kwa nani. Kibanja kilichoachwa miezi mingi kilikuwa kimefunikwa na magugu na mikungu imeliwa au imeozea juu, lakini mgomba hauhitaji mbegu. Maharage yanahitaji. Jibu la swali hilo karibu kila mara litarudi kwa mwenyeji aliyempokea.

Nina jambo moja ambalo baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Mpaka ule ni mstari ulionyooka uliokata koo na ndoa, na upande wa pili pia watu walikimbia. Majeshi yetu yalipoiteka Mutukula ya Uganda Januari 1979, mji ulibomolewa na raia waliuawa kwa kisasi. Mwalimu alichukizwa na akaagiza raia na mali zao wasiguswe tena. Orodha ya Missenyi ikiandikwa bila kuuliza watu wa Mutukula ya ng'ambo, ambao wengine ni shemeji na wajukuu wa haohao tunaowahoji, itakuwa na tundu linaloonekana waziwazi. Kuwauliza hakupunguzi kosa la Amin hata kidogo.

Kuhusu mahali pa kuhifadhi, nakala moja ibaki kijijini, moja shule ya sekondari ya kata, moja maktaba ya mkoa Bukoba, na zilizo na idhini kamili zipelekwe Nyaraka za Taifa. Magofu ya kanisa pale Kyaka na eneo la daraja la zamani yapigwe picha sasa, kila upande, kukiwa na kipimo cha mita moja ndani ya picha. Mnara ukija baadaye, ujengwe hapo kwenye mto, na uwe na majina ya vijiji.

Kazi ya kwanza kabisa iwe makaburi ya njiani. Kwa desturi ya Wahaya marehemu huzikwa kibanjani kwake. Waliofariki wakiwa ukimbizini, wengi wao watoto na wazee, walizikwa katika vibanja vya watu, na alama yao mara nyingi ni mlamula, mmea ambao hupandwa pia mipakani, uliopandwa kichwani na shina la mgomba miguuni. Nendeni na mwenyeji, ombeni ruhusa ya mwenye ardhi wa sasa, andikeni jina la aliyezikwa, la aliyezika na la aliyekuwa mwenye kibanja wakati huo. Chukueni vipimo vya mahali kwa simu, tarakimu tano baada ya nukta. Chini ya migomba simu hukosea mita kumi au zaidi, hivyo simameni dakika mbili na mchukue vipimo vitatu, kisha pimeni kwa hatua hadi kona ya nyumba au mti mkubwa. Vibanja hivyo vinauzwa kila mwaka, na mnunuzi mgeni akiukuta mlamula katikati ya shamba huung'oa, akidhani ni mpaka wa zamani uliosahauliwa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Msomaji na mkusanyaji wa masimulizi ya wazee,
Bukoba